Mwenye kikoa amefichwa: unaweza kujua nini, na umuulize nani

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nauza nguo za watoto kupitia tovuti yangu, huu ni mwaka wa sita. Wiki mbili zilizopita mteja alinipigia akilalamika kwamba amelipa na mzigo haujafika. Kumbe hakununua kwangu. Kuna tovuti yenye jina lilelile la duka langu, wameongeza kistari tu katikati, na picha zote ni zangu. Nilikwenda kwenye WHOIS, ile huduma ya kuangalia nani kasajili jina la tovuti (kikoa), kumtafuta mwenye kikoa hicho, nikakuta jina, simu na anwani vyote vimefichwa, eti kwa sababu ya faragha. Kaka yangu anasema zamani ungeona kila kitu. Kwa nini mwizi analindwa? Nifanye nini? Na taarifa zangu mimi, je, ziko wazi?

JIBU: Pole sana, dada. Nianze na la haraka, maana kila siku inayopita kuna mteja mwingine analipa. Usisubiri kumjua mwizi ndipo uchukue hatua. Tovuti hiyo inaweza kuzimwa bila wewe wala mimi kulijua jina la aliyeisajili, na ukurasa uleule uliokukatisha tamaa ndio wenye karibu kila unachohitaji ili izimwe. Uliikodolea macho mistari iliyofichwa, ukaipita ile iliyojaa.

Basi rudi tuisome pamoja. Usitumie tovuti yoyote tu ya kutafuta WHOIS, kwa sababu nyingine zinakuonyesha nakala ya miezi iliyopita. Tumia ya ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya intaneti tangu 1998. Anwani yake ni lookup.icann.org. Inauliza moja kwa moja kwa wanaotunza rekodi, kwa njia mpya inayoitwa RDAP. WHOIS yenyewe ya zamani imeanza kustaafu: tangu tarehe 28 Januari 2025 kampuni zinazouza vikoa vya jumla kama .com, .net na .org hazilazimiki tena kuitoa. Watu bado wanasema WHOIS, na mimi nitaendelea kuiita hivyo humu ndani.

Kitu cha kwanza cha kutafuta ni msajili, yaani kampuni iliyouza jina hilo. Huyo hafichwi kamwe. Karibu na jina lake utaona barua pepe na namba ya simu ya kuripoti matumizi mabaya. Mkataba wake na ICANN unamlazimu kuziweka hapo. Zinakili zote mbili.

Cha pili ni tarehe ya kusajiliwa. Wengi huiruka, lakini mimi naiona kuwa ushahidi mzito kuliko jina la mtu. Jina mtu anaweza kulitunga. Tarehe huandikwa na mfumo wenyewe. Kikoa chako kina miaka sita. Cha huyo tapeli sitashangaa kikiwa na wiki tano. Anayepokea malalamiko akiziona tarehe hizo mbili zimewekwa sambamba, hahitaji maelezo marefu kujua nani kamwiga nani. Hata mnunuzi wa kawaida angejiokoa kwa kuangalia hapo: duka linalojisifu kuhudumia watu kwa miaka 15 haliwezi kuwa na kikoa kilichosajiliwa mwezi uliopita.

Kisha kuna hali ya kikoa. Ukiona "clientTransferProhibited" usishtuke. Hiyo ni kufuli ya kuzuia jina lisihamishwe kwa msajili mwingine, na karibu kila kikoa kinayo, pengine hata chako. Neno unalolisubiri ni "clientHold". Likitokea, maana yake msajili amekiondoa kikoa kwenye mfumo wa majina, na tovuti haifunguki tena kwa yeyote. Mwisho tazama seva za majina, yaani kompyuta zinazoelekeza jina la tovuti liendako, ambazo mara nyingi hukudokezea ni kampuni gani inayohifadhi tovuti yenyewe. Kampuni hiyo si lazima iwe msajili, na tofauti hii ina faida kwako, nitaifikia.

Sasa ripoti. Tangu tarehe 5 Aprili 2024 mkataba wa wasajili na ICANN una kifungu kipya: msajili akipewa ushahidi unaotosha kwamba kikoa kinatumika kwa programu hasidi, mitandao ya kompyuta zilizotekwa, ulaghai wa kuwanasa watu watoe siri zao, kuwapotosha watumiaji waende tovuti bandia, au barua taka zinazobeba maovu hayo, anapaswa kuchukua hatua mapema kuyakomesha au kuyavuruga. Tazama orodha hiyo vizuri. Wizi wa picha haumo. Ukimwandikia kwamba "wameiba picha za nguo zangu", atakujibu kwa heshima kwamba hayo ni maudhui na yeye anauza majina tu. Lakini hao wanajifanya ni wewe na wanakusanya namba za kadi na za simu za wateja wako. Hilo limo, na ndilo la kuandika katika sentensi ya kwanza.

Kuna fundi mmoja nilimsaidia aliyekuwa na kesi inayofanana na yako. Barua yake ya kwanza ilikuwa na kurasa nne za hasira, hasira ya haki kabisa, na haikujibiwa. Tuliiandika upya ikawa mistari kumi na mmoja: anwani kamili ya ukurasa wa ulaghai, siku na saa alipoufungua, picha mbili za skrini zinazoonyesha anwani hiyo juu, risiti ya mteja aliyetapeliwa huku taarifa zake zimezibwa, tarehe za kusajiliwa vikoa vyote viwili, na ombi moja. Hiyo ilijibiwa. Anayesoma malalamiko haya anasoma mamia, na anatafuta kitu anachoweza kukihakiki mwenyewe kwa dakika mbili. Mpe hicho. Na piga picha za skrini leo, kabla hujamtumia mtu yeyote ujumbe. Matapeli wakihisi wameshtukiwa hubadilisha ukurasa, nawe unabaki na maneno matupu.

Ripoti hiyohiyo ipeleke pia kwa kampuni inayohifadhi tovuti. Kuipata unahitaji namba ya IP ya tovuti, yaani namba ya seva yake kwenye intaneti, ambayo kijana yeyote wa kompyuta atakutolea mara moja. Namba za IP zina rejista zake, tofauti kabisa na za vikoa, nazo ziko 5 duniani: AFRINIC, APNIC, ARIN, LACNIC na RIPE NCC. Ukiingiza namba hiyo kwenye huduma yao ya utafutaji, utaona mtandao ni wa nani na barua pepe ya kuripoti matumizi mabaya. Hapa ndipo suala la picha zako lina nguvu, kwa sababu mwenye seva ndiye anayeyabeba maudhui hayo. Wakati mwingine utakuta kampuni ya kati inayoikinga tovuti, siyo inayoihifadhi. Nayo iandikie, kwa kuwa inajua seva halisi iko wapi.

Msajili akikaa kimya, peleka malalamiko kwenye idara ya ICANN inayofuatilia utekelezaji wa mikataba. ICANN haizimi tovuti ya mtu, na wengi hukasirika wakidhani imewapuuza. Kazi yake hapo ni kumuuliza msajili kama ametimiza alichotia saini. Swali hilo, likitoka kwa anayeweza kumfutia kibali cha kuuza majina, huwa linawaamsha.

Angalizo moja kabla sijaendelea. Hayo yote ni kwa vikoa vya jumla. Kama kikoa cha huyo tapeli kinaishia na herufi mbili za nchi, mikataba hiyo haikifungi; kila rejista ya nchi, yaani shirika linalotunza orodha ya majina ya nchi hiyo, ina kanuni zake. Zipo zinazoficha zaidi ya .com, na zipo zilizo wazi mno: .us ya Marekani, kwa mfano, hairuhusu huduma za kuficha jina la mmiliki.

Kaka yako hakukosea. WHOIS ilielezwa rasmi mwaka 1982, katika waraka uitwao RFC 812, wakati intaneti ilikuwa bado ARPANET, mtandao wa watafiti wa Marekani, na rekodi zake zinatunzwa na kituo kimoja huko SRI, taasisi ya utafiti ya California, kilichoongozwa na Elizabeth Feinler. Ilikuwa daftari la simu la watafiti waliofahamiana. Waliombwa waandike jina, anwani, simu na sanduku la barua pepe, ili mashine ikileta shida usiku mwenzio ajue ampigie nani. Hakuna aliyefikiria usiri, kwa kuwa hakukuwa na mgeni ndani ya nyumba. Baadaye nyumba ikafunguliwa kwa dunia nzima, na daftari likabaki vilevile mlangoni.

Madhara yake nimeyaona kwa macho yangu, na ndiyo yaliyonibadilisha mawazo, maana miaka ya mwanzo nilikuwa upande wa kaka yako. Mtu akisajili kikoa asubuhi, kufikia jioni simu yake imejaa watu wanaotaka kumtengenezea tovuti. Barua zilizofanana na ankara zilifika majumbani zikidai ada ya kurefusha kikoa, zikitoka kwa watu wasio na uhusiano wowote na msajili, na waliolipa kwa kutojua walikuwa wengi. Ni wazi kwamba anwani zilivunwa. Hata kanuni zenyewe ziliruhusu biashara hiyo: wasajili walitakiwa kutoa orodha zao kwa jumla kwa mnunuzi, kwa ada isiyozidi dola 10,000 kwa mwaka. Hayo yalikuwa maudhi tu. Mwanamke aliyemkimbia mume mwenye kumpiga, kisha akafungua kikoa cha kuuza kazi zake za mikono, alikuwa anaitangaza anwani yake mpya kwa mtu yuleyule aliyemkimbia. Mwandishi aliyeandika mabaya ya wakubwa, vivyo hivyo. Tapeli hakuwa na hofu hiyo, kwa sababu aliandika uongo tangu mwanzo. Mwaka 2005 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilikadiria kwamba majina milioni 2.31 ya .com, .net na .org, yaani asilimia 5.14, yalikuwa na taarifa za uongo ulio dhahiri, na huo ni uongo wa kuonekana kwa macho tu. Mfumo ulimweka uchi mkweli na kumpita mdanganyifu.

Ndipo ikaja sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data binafsi, GDPR, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Kuchapisha anwani ya mtu kwa kila mpita njia kukawa kosa lenye faini nzito. ICANN ilikuwa imechelewa. Kanuni ya muda ya kuficha taarifa ilipitishwa tarehe 17 Mei, siku nane kabla. Siku ileile sheria ilipoanza, ICANN ilifungua kesi huko Bonn, Ujerumani, dhidi ya msajili EPAG aliyekataa kuendelea kukusanya taarifa za wasimamizi na mafundi wa kikoa. Mahakama ilikataa ombi la ICANN ndani ya siku chache.

Utauliza, kwa nini sheria ya Ulaya imfiche mtu asiyekaa Ulaya? Kwa sababu kanuni ya ICANN iliwaruhusu wasajili kuficha taarifa za wote bila kutofautisha mtu na kampuni, wala Ulaya na kwingine. Kuchambua rekodi moja moja ni gharama, kuficha zote ni bure. Wakaficha zote.

Hapo mimi nina ugomvi nao, na nausema wazi. Mtu binafsi afichwe. Nalisema hilo nikijua kwamba leo linakuumiza wewe. Lakini kampuni iliyosajiliwa, inayopokea fedha za watu kwa jina lake, haina faragha ya kudai kuhusu kujulikana ni nani. GDPR yenyewe inalinda data za watu, siyo za kampuni. Ulaya wameliona. Agizo lao liitwalo NIS2, la mwaka 2022, linataka taarifa za usajili zisizo za mtu binafsi zichapishwe, taarifa zihakikiwe, na anayeomba kwa sababu halali ajibiwe ndani ya saa 72. Nchi wanachama zilipewa hadi tarehe 17 Oktoba 2024 kuliingiza katika sheria zao. Ningependa kuona dunia nzima ikielekea huko.

Sasa, ukitaka jina kweli, kwa ajili ya kumshtaki au kudai fedha za wateja wako, njia ipo, na ni kuomba. Kwa .com na .net usihangaike na rejista kuu, kwa sababu haina jina la mmiliki. Lipo kwa msajili tu. Sera ya sasa ya taarifa za usajili, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 21 Agosti 2025, inamtaka msajili athibitishe kupokea ombi lililokamilika ndani ya siku 2 za kazi na alijibu ndani ya siku 30. Ukamilifu ndio wenye shida. Taja wewe ni nani, kikoa kipi, unataka taarifa zipi hasa, haki yako ni ipi na imeguswa vipi, unaegemea sheria gani, na utazitumia kwa jambo gani tu. Usiombe "taarifa zote". Omba jina na anwani ya kupelekea hati za mahakama, kama hizo ndizo unazohitaji. Msajili atapima maslahi yako dhidi ya haki za aliyesajili, na mizani huinamia upande wa anayeomba kidogo kwa sababu kubwa.

ICANN ina pia dirisha moja la kupitishia maombi, liitwalo RDRS, lililofunguliwa Novemba 2023 kama jaribio. Ni bure. Linakupunguzia kazi ya kumtafuta kila msajili kwa fomu yake, ila linawafikia wasajili waliojiunga tu, na uamuzi unabaki kwao. Ukikataliwa, wanatakiwa wakupe sababu. Ihifadhi; wakili wako ataitumia kuomba amri ya mahakama. Polisi nao wana njia yao, kwa hiyo ripoti ya polisi usiiache hata kama huna imani nayo. Mara nyingi namba ya ripoti ndiyo inayomfanya msajili alichukue ombi kwa uzito.

Iwapo jina la duka lako ni alama ya biashara iliyosajiliwa, au unaweza kuthibitisha kwamba watu wanalijua kama lako, kuna njia nyingine ninayoipenda kuliko zote hizi: UDRP, utaratibu wa usuluhishi uliopo tangu 1999. Unapaswa kuonyesha kwamba kikoa kinafanana na alama yako kiasi cha kuwachanganya watu, kwamba aliyekisajili hana haki nacho, na kwamba amekisajili na kukitumia kwa nia mbaya. Kesi yako ina yote matatu. Unawasilisha malalamiko bila hata kujua unamlalamikia nani. Kituo cha usuluhishi kinamuuliza msajili, naye ana siku 2 za kazi kufunga kikoa kisihamishwe na kutoa jina lililofichwa, kisha unapewa nafasi ya kurekebisha malalamiko. Ukishinda, kikoa kinahamishiwa kwako. Kwa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki lenye kituo cha usuluhishi wa aina hiyo, ada ya kesi ya kikoa 1 hadi 5 mbele ya msuluhishi mmoja ni dola 1,500. Si ndogo kwa duka la mtu mmoja, kwa hiyo anza na ripoti ya matumizi mabaya, ambayo haigharimu chochote.

Nakuandaa pia kwa jambo moja. Pazia likishafunguliwa, unaweza kukuta nyuma yake pazia jingine: kampuni inayokodisha jina lake ili mteja asionekane, au jina lililotungwa. Usivunjike moyo. Jina la uongo nalo ni kosa. Msajili akijulishwa kwamba taarifa si za kweli anapaswa kumuuliza mteja wake, na mteja asipojibu ndani ya siku 15 kikoa hicho kinaweza kusimamishwa. Nimeona tovuti za kitapeli zikianguka kwa mlango huo pale milango mingine ilipokwama.

Kuhusu taarifa zako mwenyewe: andika kikoa chako kwenye lookup.icann.org utazame. Kwa kawaida ataonekana msajili, tarehe, na nchi yako pengine na mkoa, basi. Kilichofichwa kwa umma lazima bado kiwe sahihi kwa msajili, maana ile kanuni ya siku 15 inakuhusu na wewe. Ingia kwenye akaunti yako usiku huu uhakikishe kwamba barua pepe ni ile unayoifungua kila siku, si ya kijana aliyekutengenezea tovuti miaka sita iliyopita, na kwamba kwenye nafasi ya mmiliki limeandikwa jina lako na si lake. Kama duka lako lina usajili wa kampuni, mwombe msajili aonyeshe jina la kampuni hadharani, bila anwani yako wala simu. Anatakiwa kukupa nafasi ya kukubali hilo. Mteja mwenye wasiwasi akilinganisha tovuti hizo mbili, yako itakuwa na jina.